Meli ya mizigo nayo ina watu ndani

Ikifika tarehe 21 Mei hakuna mtu wa Mwanza anayehitaji kukumbushwa, ni siku meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria, 1996, na makaburi ya waliokufa yako pale Igoma. Tarehe 20 Septemba nayo sa hivi imeingia kwenye orodha tangu kivuko cha MV Nyerere kipinduke kisiwani Ukara mwaka 2018. Ni sawa kabisa tukumbuke, wale ni ndugu zetu. Ila muulize kijana yeyote hapa mjini habari za MV Kabalega uone, atakuangalia tu.

Kabalega ilikuwa meli ya mizigo ya Uganda, ile aina ya kubeba mabehewa ya treni, imejengwa Ubelgiji miaka ya 80 pamoja na wenzake wawili, Kaawa na Pamba. Mei 2005 Kabalega ikagongana na Kaawa. Ziwa lote hili, kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na meli mbili za nchi moja zikagongana! Kabalega ikaenda chini, Kaawa ikapata majeraha, na meli zile zilizobaki zikakaa bandarini miaka. Huku kwetu habari ikapita kama upepo. Mi naamini ilipita hivyo kwa sababu hatukuwa na mamia ya majeneza ya kupokea, na hapo ndipo ninapogombana na sisi wenyewe, maana tunasubiri maiti ndio tuite ajali.

Niliwahi kufanya kazi ya ukarani wa kuhesabu mizigo kwenye gati moja huku ziwani, miaka minne hivi, kwa hiyo nachosema nimekiona. Watu wanadhani hatari ya meli iko kule katikati kwenye dhoruba. Aisee hapana, dhoruba inakuja tu kuuliza maswali, majibu mmeshayaandika gatini.

Chukua meli ya mabehewa kama MV Umoja, mzee wetu wa tangu miaka ya 60, anapiga tani kama 1,200. Ikipakia, inageuza nyuma yake kwenye daraja la reli, kichwa cha treni kinasukuma mabehewa ndani taratibu, na mle ndani kuna njia za reli zaidi ya moja sambamba. Sasa ukijaza upande mmoja bila kusawazisha na wa pili meli yote inalala, unaiona kabisa kwa macho inainama kama mtu aliyebeba ndoo mkono mmoja, ndio maana kunakuwa na mtu amesimama pale anapiga kelele simama, hili lirudi, leta la upande wa pili. Tena behewa lina magurudumu jamani! Liko ndani ya kitu kinachoyumba. Kinacholizuia lisitembee ni vizuizi vya magurudumu na minyororo, na hiyo minyororo anaikaza mtu kwa mikono yake.

Kulikuwa na mzee mmoja baharia, tulikuwa tunamwamkia wote mpaka mabosi. Alikuwa anapita behewa kwa behewa na nyundo ndogo, anagonga mnyororo, anainamisha kichwa kusikiliza. Uliokaza una mlio wake, uliolegea una mlio mwingine. Nikamuuliza siku moja, shikamoo mzee, hivi unasikia nini mle? Akasema, "Marahaba mwanangu, nasikia kama nitalala leo." Akarudi nyuma behewa mbili akaukaza mmoja upya, robo zungusho tu, jasho linamtoka, na muda wa kuondoka ulikuwa umeshapita na watu wanafoka huko nje.

Hilo la kufoka ndio ugonjwa wenyewe. Mwenye mzigo anataka magunia yake yote yaende safari hii, soko linamsubiri. Nilishawahi kuletewa makaratasi yameandikwa idadi moja na mi nimehesabu nyingine kubwa kuliko ile, nikagoma kusaini, nikaambiwa kijana unachelewesha kazi za watu. Nilisimama na hesabu yangu lakini sikulala vizuri wiki nzima nikiwaza kibarua changu. Na mi nilikuwa na bahati, msimamizi alinisikiliza. Ambaye hasikilizwi anafanyaje? Ana familia pia.

Na hesabu sio makaratasi tu. Kwa MV Bukoba abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, ndio maana mpaka leo idadi ya waliokufa watu wanabishania. MV Nyerere uwezo wake ulikuwa watu 100 na tukazika zaidi ya 220. Meli ya abiria na ya mizigo zinaugua ugonjwa uleule, tofauti ni kwamba kwenye ya mizigo dalili zinaanza kuonekana mapema na hakuna anayeandika.

Ndio maana nasema hivi, na nasema kwa moyo wote: karani, serengi (msimamizi wa mabaharia) na yule wa minyororo wapewe nguvu kisheria ya kusema meli haitoki, na asiguswe mtu kazi yake kwa kusema hivyo. Cheti cha ukaguzi kibandikwe gatini ambapo hata kuli anakisoma. Na kila mgongano, kila mnyororo uliokatika, kila injini iliyozima katikati ya ziwa itangazwe hata kama hajafa mtu. Reli mpya ya kisasa, SGR, inajengwa kutoka Isaka kuja Mwanza, ikikamilika mzigo wa kwenda Port Bell kule Uganda utaongezeka, haraka nayo itaongezeka, na kufoka kutaongezeka. Tujipange kabla.

Yule mzee ameshastaafu, yuko Kirumba. Mtoto wake ndio sa hivi yuko kwenye meli za mizigo. Wakiwa katikati mtandao unakata, usiku kucha simu haipatikani, na mama yake huwa ananipigia mimi alfajiri kuuliza kama nimesikia meli imefunga gati. Huwa natoka mpaka barazani kwangu Bugando kule juu, naangalia ziwani kama naona taa zake, halafu ndio nampigia.