Kimya cha Shiroka Laka

Rafiki yangu amenitumia video ya msafiri mmoja anayezunguka katika milima ya Rhodope, kusini mwa Bulgaria, na kwa dakika kumi nzima kijana huyo hana neno jingine ila utulivu. Amesimama juu ya daraja la mawe katika kijiji cha Shiroka Laka, mto unapita chini yake, nyumba nyeupe zenye mapaa ya mawe bapa zimepanda mlima nyuma yake, naye ananong'ona kama mtu aliye msikitini kwamba hapa ndipo pa kupumzisha akili. Nilizima simu kwa hasira.

Nami nimelala siku mbili katika bonde hilo, na nakiri, shingo upande, kwamba linapendeza. Lakini kijana wetu hakusoma milango. Wabulgaria hubandika tangazo la msiba mlangoni mwa marehemu, kwenye miti, hata kwenye kituo cha basi: karatasi moja yenye picha na jina, imezungushiwa mstari mweusi, na kwa Waislamu mstari wa kijani. Tangazo hilo hurudiwa siku ya arobaini, kisha miezi sita, kisha mwaka, na miaka inayofuata. Arobaini naijua, sikuhitaji mkalimani. Katika mlango mmoja nilikuta karatasi tatu, ya mume, ya mke, na ya tatu iliyofifishwa na mvua hata uso hautambuliki, na chini yake kufuli lililoshika kutu. Utulivu, bwana!

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Bulgaria ilikaribia watu milioni 9; sensa ya 2021 ilihesabu takriban milioni 6.5. Wazee wamekufa, watoto wanazaliwa wachache, na vijana, tangu ukomunisti ulipoanguka na zaidi baada ya nchi kuingia Umoja wa Ulaya mwaka 2007, wamefuata kazi mji mkuu Sofia, Ujerumani na Hispania. Siwalaumu, kwani hata mimi kijijini kwa babu yangu huenda kwa mazishi tu.

Utalii unaleta fedha, sawa, na bila wageni mapaa kadhaa yangekuwa yameporomoka. Ila kinachokifanya kijiji hiki kiitwe kijiji ni shule ya muziki wa jadi, iliyopo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambayo huwaleta watoto bondeni kujifunza kuimba na kupiga gaida, zumari ya mfuko wa ngozi ya mbuzi. Muziki wa milima hii si wa kubezwa: sauti ya mwimbaji wake Valya Balkanska, ikisindikizwa na gaida, imo angani katika rekodi iliyobebwa na Voyager, chombo cha anga cha Marekani, tangu 1977.

Mwenyeji wangu tulimwita Baba, maana kwa Kibulgaria baba ni bibi, na kila nilipomwamkia nilijizuia nisicheke. Alasiri moja alikuwa akigeuza patatnik kwa mfuniko, viazi vya kukwaruza vyenye jibini na mnanaa, mtoto fulani wa shule akaanza kupiga gaida ng'ambo ya mto. Alikosea mahali palepale mara nne. Baba aliacha kikaango, akafungua dirisha, akasimama hapo hadi mtoto alipopatia.

Katika ile video, muda wote, wameweka piano.