Chujio la kiyoyozi na moshi wa makumbi
Nimesoma makala inayodai eti ukiwasha kiyoyozi, chujio lake linasafisha hewa yote chumbani, moshi na harufu pamoja. Hapo makala imeteleza. Mimi fundi viyoyozi, nazunguka Nungwi hadi Paje huku Unguja. Ukilivua lile chujio, mara nyingi ni wavu tu wa plastiki, umeshika nywele, nyuzi za mashuka na vumbi la mchanga. Moshi wa jirani anayechoma makumbi unapita bila hodi. Chujio la HEPA, lile la kunasa chembe ndogo mno, ndilo linalonasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na hata hilo harufu haliiwezi, hiyo kazi ya mkaa maalumu. Na wavu msiuanike juani jamani, unajikunja! Nyinyi wenzangu mnauosha kila baada ya muda gani?