Tulivutiwa na maongezi, tukanunua vioo

Nyumba ya Stahl, iliyopewa jina la familia iliyoishi humo, iko ukingoni mwa kilima huko Hollywood, Los Angeles. Wanaoijua ni wengi mno, waliowahi kuikanyaga ni wachache, na hata hao wachache waliingia wakiwa na picha yake kichwani. Picha yenyewe ilipigwa na Julius Shulman usiku wa tarehe 9 Mei 1960. Wasichana wawili wenye magauni mapana wameketi wakizungumza ndani ya sebule ya vioo, sebule imeelea juu ya mji, na chini yao taa za barabara zimenyooka hadi macho yanapochoka. Kwa maoni yangu hakuna picha nyingine ya nyumba iliyowatamanisha watu wengi kiasi hicho. Na naamini wengi wetu tuliitazama tukaondoka na kitu kisicho chenyewe.

Jinsi ilivyopigwa ni jambo la kulijua. Usiku ule nyumba ilikuwa haijakamilika, vumbi la plasta bado limo. Fanicha zililetwa kwa ajili ya picha. Wasichana wale hawakuwa wenyeji. Walikuwa wapenzi wa wanafunzi wa usanifu waliofahamiana na msanifu wa nyumba, Pierre Koenig. Shulman alikuwa akipiga picha za ndani, akatoka nje, akaona mji ulivyowaka, akahamisha kamera. Taa za ndani zikazimwa. Akaiacha lenzi wazi kwa dakika kama saba ili taa za Los Angeles zijiandike zenyewe kwenye filamu, na muda wote huo wasichana wamekaa gizani. Kisha balbu za flashi zilizofichwa ndani ya globu za taa zikalipuka mara moja, nao wakaingia kwenye filamu ileile. Mtu aliyesimama pale kwa macho yake asingeweza kuuona mji na sebule viking'aa sawasawa namna ile.

Sisemi kwamba Shulman alidanganya. Nasema alitunga, na utunzi wake unastahili kuheshimiwa kama utunzi. Tumezoea kulitaja jina la msanifu tukasahau kwamba nyumba tunayoipenda ni ya watu wawili: aliyeichora na aliyechagua saa ya kuipiga picha.

Mwaka 1947 Shulman alikuwa Palm Springs, jangwani, kwenye nyumba ambayo msanifu Richard Neutra alimjengea Edgar Kaufmann, tajiri yuleyule aliyejengewa na Frank Lloyd Wright nyumba ya juu ya maporomoko ya maji kule Pennsylvania. Jua lilikuwa linazama. Neutra alitaka kazi ya vyumba vya ndani iendelee. Shulman akakimbilia nje na kamera yake, akafungua na kufunga lenzi kwa muda wa kama dakika 45, huku taa za chumba hiki zikiwashwa na za kile zikizimwa, hadi milima, anga na sebule vikapatana. Kando ya bwawa la kuogelea amejilaza Bi. Kaufmann. Anayetazama anamwona mama anayepunga upepo wa jioni. Kumbe alilazwa pale makusudi: mwili wake uliziba mwanga wa taa ya bwawa usiharibu filamu.

Hiyo nyumba ya Kaufmann ina kisa kingine ambacho kwangu ndicho kinachoonyesha nguvu ya picha hizi. Wamiliki waliofuata waliigeuza kama watu wanavyogeuza nyumba zao: waliziba baraza, wakavunja ukuta, wakabandika karatasi za maua ukutani, wakapandisha mashine za kiyoyozi paani. Mwaka 1993 ikanunuliwa na mume na mke walioazimia kuirudisha ilivyokuwa. Aliyewasaidia kujua ilivyokuwa ni Shulman. Wasanifu wa ukarabati walitumia picha zake, hata zile ambazo hazikuwahi kuchapishwa. Picha ilitoka kwenye nyumba, kisha nyumba ikajengwa upya kufuata picha.

Sasa turudi kwa kina Stahl. Nyumba yao ilikuwa namba 22 katika mpango uliotangazwa Januari 1945 na John Entenza, mhariri wa jarida la Arts & Architecture, wakati vita havijaisha. Lengo lilikuwa jema kabisa: wasanifu wachore nyumba za mfano kwa kutumia chuma, vioo na mbao za kiwandani, ili familia za askari wanaorudi zipate makazi bora kwa bei ya kumudu. Kwa miaka 21 ilichorwa mifano 36 hivi, na baadhi haikujengwa. Hakuna hata mmoja uliozalishwa kwa wingi kama ilivyokusudiwa. Makazi ya bei nafuu yalijengwa na wengine, kwa mfano kule Levittown, New York, kuanzia 1947, nyumba za mbao zenye paa la mgongo ambazo majarida ya usanifu hayakuziona kuwa na maana.

Kilichosambaa ni ladha. Shulman aliuza picha zake kwa wasanifu, halafu akaziuza kwa majarida ya nyumba yaliyoingia majumbani kila mwezi. Mtu wa Ohio ambaye asingekanyaga California maisha yake yote alijifunza humo kwamba jiko linaweza kukaa bila ukuta wa kulitenga na sebule, kwamba kochi liwe fupi, kwamba ukuta wa nyuma uwe mlango wa kioo wa kusukuma unaotazama uani. Nyumba iliyokusudiwa kuwa jibu la uhaba wa makazi ikaishia kuwa picha ya namna ya kukaa.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Itazame tena ile picha ya 1960 na uulize jicho linakwenda wapi kwanza. Linakwenda kwa wasichana. Mmoja ameinama kidogo kumwelekea mwenzake, magauni yametanda, hakuna anayeitazama kamera wala mji. Wana nafasi, wana jioni nzima, wana mtu wa kuzungumza naye. Shulman alilijua hilo vizuri kuliko waliomwiga. Picha zake nyingi zina mtu anayebeba trei, mtoto mlangoni, mume anayemimina kinywaji. Alituuzia maongezi. Sisi tukaenda dukani kununua vioo. Picha za nyumba za siku hizi, zile zinazojaa kwenye simu, zimebakiza vioo na kochi na kumwondoa mtu kabisa.

Hata hivyo si kila mtu aliruhusiwa kuingia kwenye fremu. Wanaoburudika katika picha hizo ni Wazungu, na Los Angeles ya wakati huo ilikuwa na mitaa ambayo hati za viwanja zilikataza Mweusi kuishi. Mahakama Kuu ya Marekani ilizinyima nguvu hati hizo mwaka 1948, lakini desturi haikufa siku hiyo. Paul R. Williams, msanifu Mweusi wa mji huohuo, alichora nyumba katika mitaa ambayo yeye mwenyewe asingekubaliwa kuhamia. Ile jioni tulivu ilikuwa na mlinzi mlangoni ambaye lenzi haikumwonyesha.

Na vioo vyenyewe? Muulize Edith Farnsworth, daktari wa Chicago aliyejengewa na msanifu Mies van der Rohe nyumba ya vioo vitupu huko Plano, Illinois, iliyokamilika mwaka 1951. Kwenye picha ni ya kupendeza mno. Yeye alilalamika kwamba hawezi hata kuweka ndoo ya taka chini ya sinki, kwa sababu jiko zima linaonekana kutoka barabarani. Kiangazi ilikuwa tanuri, na mto wa karibu ukifurika maji yaliifikia. Ndoo ya taka haimo kwenye picha yoyote ya zama zile, na mtu huishi nayo kila siku.

Nalisema hili kwa sababu ukuta wa kioo umefika Dar es Salaam na Nairobi kupitia picha za vizazi vya baadaye zilizozaliwa na hizi. Mteja anamfuata msanifu na picha kwenye simu, anataka kioo kutoka sakafuni hadi dari, kikitazama magharibi. Picha ya Shulman ilipigwa gizani, kwa hiyo haikuwa na sababu ya kuonyesha jua. Lakini ukitazama juu ya vichwa vya wale wasichana utaona paa limejitokeza mbali nje ya kioo. Koenig aliliweka kwa ajili ya kivuli. Neutra naye kule jangwani alifunga vibao vya alumini vinavyogeuzwa kuzuia jua na mchanga. Vyote vimo kwenye picha na macho yetu yanavipita. Kinachonakiliwa ni kioo bila paa lake, kisha kinafuata kiyoyozi, kisha pazia zito linalofungwa saa sita mchana hadi jioni.

Kina Stahl waliishi humo na watoto watatu katika vyumba viwili vya kulala, na watoto hao wamesimulia walivyokuwa wakiruka kutoka paani na kutua bwawani. Natamani picha hiyo ndiyo ingekuwa maarufu.

Yuko mpigapicha wa wakati huohuo aliyekaribia zaidi huko. Ernie Braun alipiga nyumba za Joseph Eichler, mjenzi wa California aliyeuza nyumba za vioo na ua wa ndani kwa watu wa kipato cha kati, na aliyekataa kumbagua mnunuzi kwa rangi hadi akajitoa kwenye chama cha kitaifa cha wajenzi mwaka 1958. Katika picha za Braun watoto wanacheza sakafuni na wakubwa wanakula uani, mchana kweupe. Hazikuwa mabango ya kutundika ukutani, lakini Eichler alijenga na kuuza zaidi ya nyumba 10,000.