Msimlaumu mtu wa mbegu kabla hamjatazama ute

Ng'ombe aliyepandwa akirudi joto, yaani akitaka kupandwa tena kwa kuwa hakushika mimba, mara ya tatu, huku kwetu Dagoretti, Nairobi, kesi huwa imeshakatwa. Mwenye makosa ni mtu wa mbegu, yule anayekuja kumpanda ng'ombe kwa mrija badala ya dume. Eti mbegu zilikuwa mbovu, eti alichelewa kwa sababu ya jam ya Naivasha Road. Nami nimekaa kwenye baraza hiyo ya mahakimu miaka mingi, nikitoa hukumu huku nakunywa chai yangu.

Siku hizi nasema tofauti. Mara nyingi mimba huharibiwa siku ng'ombe anapozaa, miezi kabla ya kupandwa.

Ng'ombe wangu wa pili alizaa usiku, na kufikia mchana kondo la nyuma lilikuwa bado linaning'inia. Nikaita kijana mmoja wa mtaani anayejulikana kwa kazi hiyo. Akaingiza mkono mtupu, aliousuuza kwenye ndoo ya ndama, akavuta. Likatoka vipande vipande. Nikamlipa na kumshukuru! Wiki moja baadaye huwezi kusimama nyuma ya yule ng'ombe kwa harufu.

Kinachotendeka ndani si uchawi. Baada ya kuzaa mlango wa uzazi uko wazi, na karibu kila ng'ombe huingiwa na bakteria wiki mbili za kwanza. Wengi hujisafisha wenyewe. Kondo likikaa zaidi ya saa 12, au likichanwa kwa mkono, bakteria wanapata nyama iliyooza na kidonda kibichi. E. koli ndiye hutangulia, anaichubua ngozi ya ndani ya mji wa mimba. Nyuma yake anakuja Trueperella pyogenes, anayetoa sumu ya kutoboa seli, na usaha unaanza. Uvimbe huo huvuruga hata ovari, yai likachelewa kutoka. Sasa hapo mbegu bora ya dunia nzima itafanya nini?

Dalili nilikuwa nayo machoni. Ute wa joto unatakiwa uwe angavu kama ute wa yai, unavutika bila kukatika. Wa ng'ombe wangu ulikuwa na chembe nyeupe, kama mabonge ya uji usiokorogwa vizuri. Niliuona mara mbili, nikaupangusa, nikapiga simu aje apandwe.

Jirani aliniambia nirudi kwa dume. Hapana. Dume anaweza kubeba Campylobacter au Tritrichomonas, vijidudu vya kuharibu mimba vinavyoambukizwa kwa kupandana, akiwa mnene na anang'aa, bila dalili hata moja, akazungusha boma kwa boma. Kukimbia magonjwa kama hayo ni faida mojawapo kubwa ya mbegu za chupa, na kituo cha kutengeneza mbegu hizo kule Lower Kabete kimekuwepo tangu 1946.

Wapo pia wanaotaka tuwape ng'ombe bakteria wazuri, kama wanavyoshauriwa akina mama. Mimi nasita. Mwanamke kwa kawaida hulindwa na bakteria wa maziwa lala wanaotengeneza asidi ukeni. Kwa ng'ombe hao ni wachache na asidi yenyewe haipo ya kutajika.

Ninachokitaka ni kidogo tu: kila ng'ombe achunguzwe wiki tatu au nne baada ya kuzaa, awe mgonjwa awe mzima. Na kondo liachwe, aitwe daktari, siyo kijana wa ndoo. Wala msikimbilie sindano ya antibiotiki ya kujinunulia dukani, kisha maziwa yaende kibandani kesho yake asubuhi. Chai hiyo mnakunywa nyinyi wenyewe.

Wangu daktari alimpitishia dawa ndani kwa mrija, maziwa nikayamwaga siku zote zilizoandikwa kwenye pakiti, roho ikiniuma. Tukaacha joto moja lipite. Lililofuata, ute ukaja safi, nikampigia mtu wa mbegu yule yule. Nilipomwomba msamaha alidhani nataka kukopa.