Acheni Kuzika Mashine kwa Chati ya Maboksi

Alhamisi iliyopita, mchana wa saa nane, simu yangu ililia mara tano mfululizo. Binamu yangu wa Morogoro alikuwa amenitumia picha ya chati ya mauzo ya kila wiki ya Famitsu, gazeti la gemu la Japani, mstari mmoja kauzungushia duara jekundu, na chini kaandika: "Kaka, Sony kwisha habari Japani." Nikamuuliza amejuaje. Akajibu, "Si hiyo chati hapo?" Nilikuwa kazini, nikaifunga simu. Lakini tangu siku hiyo jambo hili limenikaa kooni, na nimeona bora niliseme lote.

Kila wiki ni yale yale. Chati inatoka Alhamisi jioni kwa saa za kule, mchana kwa saa zetu, na kabla ya Magharibi tayari kuna mtu kazikwa. Wiki hii PlayStation, mashine ya gemu ya Sony, imekufa, wiki ijayo gemu ya Monster Hunter imekataliwa nyumbani kwao, wiki ya tatu Wajapani wote hawachezi kingine ila Mario. Mimi chati hii naipenda. Niliishi Osaka miaka miwili nikisoma, chumba changu kilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano kutoka Nipponbashi, mtaa wa maduka ya gemu, na Alhamisi ilikuwa siku yangu ya kupita madukani nikitazama rafu na chati kwa pamoja. Ndiyo maana inaniuma kuona inasomwa vibaya hivi.

Wiki ya Famitsu inaanza Jumatatu na kuishia Jumapili, na kinachohesabiwa ni maboksi. Takwimu za madukani zinakusanywa, kisha yanafanywa makadirio ya nchi nzima. Mtu aliyelala kitandani usiku akanunua gemu moja kwa moja kwenye mashine yake hayumo. Aliyenunua kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hayumo. Kijana anayemaliza mshahara wake kwenye gemu za simu ndani ya treni hayumo pia, na Japani watu wa namna hiyo ni wengi mno.

Sasa chukua Splatoon 3, gemu ya Nintendo. Ilitoka Ijumaa, tarehe 9 Septemba 2022. Nintendo wenyewe walitangaza kwamba katika siku tatu za mwanzo imeuza nakala milioni 3.45 ndani ya Japani, zikiwemo za kupakua. Chati ya Famitsu kwa siku tatu hizo hizo iliandika 1,934,680. Namba zote mbili ni sahihi kwa kile zinachopima, na kati yao kuna nakala milioni moja na nusu. Ni watu kamili, walilipa pesa kamili, wakacheza Jumapili hiyo hiyo, na chati haikuwaona. Miezi miwili baadaye Pokémon Scarlet na Violet zikaleta hadithi ileile: Nintendo wakasema milioni 4.05 Japani kwa siku tatu, Famitsu wakahesabu milioni mbili na nusu na kidogo.

Na hizo ni gemu za Nintendo, ambazo watoto wanazipenda na boksi lake bado lina thamani. Ukihamia gemu zinazochezwa zaidi na watu wakubwa pengo hilo hulijui ukubwa wake kabisa. Monster Hunter Wilds ilitoka tarehe 28 Februari 2025, na chati ikaipa boksi 601,179 za PS5 (PlayStation ya tano) wiki ya kwanza. Papo hapo watu wakaenda kuchimbua Monster Hunter Rise ya Switch (mashine ya Nintendo ya kubebeka), iliyoanza na zaidi ya milioni 1.3 mwezi Machi 2021, wakatoa moja kwa nyingine, wakatangaza msiba. Wiki hiyo hiyo Capcom, wenye Monster Hunter, walikuwa wanatangaza nakala milioni 8 duniani kwa siku tatu, na kwenye Steam peke yake watu zaidi ya milioni 1.3 walikuwa ndani ya gemu kwa wakati mmoja. Wajapani waliokuwa humo ndani chati haina mstari wa kuwaandika.

Nakubali, bila furaha, kwamba si kila kitu kimejificha. Wajapani wanapenda gemu inayobebeka, na Monster Hunter ilikua mikononi mwa watoto wa shule waliokaa kwa duara na PSP zao, mashine ndogo za mkononi za Sony. Kuipeleka kwenye mashine kubwa inayokaa chini ya televisheni kuna gharama yake. Na upande wa mashine zenyewe chati ni ya kuaminika zaidi, kwa sababu mashine haipakuliwi. Inatoka dukani ndani ya boksi, inabebwa mkononi, inahesabiwa. Kwa hiyo wakisema Switch 2 imeuza 947,931 ndani ya siku nne za mwanzo, kuanzia tarehe 5 Juni 2025, nasadiki. PS5 ilianza na 118,085 mwezi Novemba 2020, tena wakati ule mzigo wenyewe ulikuwa haupatikani.

Lakini hata hapo binamu yangu, kama ungeuliza kwa nini kabla ya kuchora duara! PS5 ilipoingia sokoni Japani ilikuwa yeni 54,978. Septemba 2022 ikapanda hadi 60,478. Novemba 2023 ikawa 66,980. Tarehe 2 Septemba 2024 ikafika 79,980. Gemu ni zile zile, mashine tu ilipunguzwa umbo mwaka 2023. Yeni ilikuwa imeporomoka: mwaka 2020 dola moja ilikuwa yeni mia na tano hivi, na katikati ya 2024 ilivuka 160. Mshahara wa baba wa familia pale Osaka haukupanda kwa mwendo huo. Nintendo wao walikuja na Switch 2 ya lugha ya Kijapani tu kwa yeni 49,980, huku ile ya lugha zote wakiiuza 69,980 kwenye duka lao la mtandaoni. Pengo la yeni elfu ishirini, limewekwa makusudi ili Mjapani anunue kwa bei anayoiweza na mlanguzi asipate cha kusafirisha. Sony nao wakaja kufuata njia hiyo: Novemba 2025 wakatoa PS5 isiyo na sehemu ya diski, ya Kijapani tu, kwa yeni 55,000. Ukiziweka bei hizi kando ya chati, mstari ulioukusudia kuwa kaburi unakuwa risiti ya duka. Mwenye familia hajaichukia PlayStation, amefungua pochi akaona haitoshi.

Tena hata waliokuwa na pesa hawakuipata Switch 2 kwa urahisi. Watu kama milioni 2.2 waliomba kwenye bahati nasibu ya duka la Nintendo la Japani, na sharti lilikuwa uwe umeshacheza Switch ya kwanza saa 50 au zaidi, na uwe umelipia huduma yao ya mtandao kwa jumla ya mwaka mmoja. Wazee wa kule bado wanasimulia Februari 1988, gemu ya Dragon Quest III ilipotoka na foleni zikazunguka majengo, watoto wa shule wakakamatwa na polisi kwa utoro. Foleni ile imehamia kwenye simu, ambako hakuna kamera ya gazeti wala chati inayoiona.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Watu wanasoma chati hii kutoka juu. Wanatazama nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, wanapiga picha, wanafunga. Nafasi ya kwanza mara nyingi ni gemu mpya. Imewekewa oda miezi mitatu kabla, wapenzi wake wamejitokeza siku ya kwanza, na wiki ya pili inaporomoka. Ni kama kuhesabu waliokuja harusini na kudhani umeijua ndoa. Mambo yenye uzito yako chini, kuanzia nafasi ya nne hadi ya kumi, mahali ambapo macho ya wengi hayafiki.

Pale chini utamkuta Mario Kart 8 Deluxe. Ilitoka tarehe 28 Aprili 2017. Mtoto aliyezaliwa wiki ile sasa anasoma shule ya msingi na anaweza kukushinda kwenye mbio. Kwa miaka yote hiyo imekuwa ikiuza elfu chache kwa wiki, wiki baada ya wiki, bila tangazo wala punguzo la maana, mpaka maboksi yakavuka milioni sita Japani peke yake. Utaikuta Minecraft ya Switch, iliyoingia madukani kule kwa boksi Juni 2018, nayo imepita milioni tatu kwa mwendo ule ule wa matone. Wajapani wana neno lao kwa gemu za namna hii, *jiwa-ure*, mauzo yanayojipenyeza taratibu kama maji kwenye udongo. Nikilisikia nakumbuka haba na haba.

Nani ananunua boksi la Minecraft mwaka wa sita, wa saba? Jibu nililiona kwa macho.

Ilikuwa tarehe 4 Januari, baridi kali, duka dogo la ghorofa mbili Nipponbashi. Mbele yangu kaunta alisimama mtoto wa miaka minane hivi, koti la bluu limefungwa mpaka kidevuni, na bibi yake nyuma yake hatua mbili. Mkononi ameshika boksi tupu la Minecraft, maana rafuni wanaweka maboksi matupu na kaseti zenyewe zinafungiwa droo za nyuma. Akaliweka kaunta. Akatoa mfukoni bahasha ndogo yenye picha ya mnyama wa mwaka, akaikung'uta: noti moja ya yeni elfu tano, imekunjwa mara tatu. Kuna kisahani cha plastiki pale cha kuwekea pesa, kwa sababu Mjapani hapokei pesa mkono kwa mkono. Mtoto aliinyoosha noti ile juu ya kisahani kwa viganja viwili, polepole, kama anapiga pasi. Muuzaji hakumharakisha. Alienda nyuma, akarudi na boksi jingine lililofungwa nailoni, akahesabu chenji kwa sauti, sarafu moja moja, akamkabidhi mfuko kwa mikono miwili na kuinama kama anavyoinamia mtu mzima. Mtoto naye akainama. Bibi akainama. Nikajikuta na mimi nimeinama.

Bahasha ile ni *otoshidama*, pesa ambazo watoto hupewa na wakubwa mwaka mpya. Sisi tuliokua na noti za Idi, tukitoka nyumba hadi nyumba kuamkia na kurudi mfuko umetuna, hatuhitaji kuelezwa. Ndiyo maana mwisho wa Desemba na mwanzo wa Januari chati inavimba chini, si juu tu. Mtoto hana kadi ya benki. Kadi za kulipia kabla zipo kila duka la kona, sikatai, lakini boksi unaweza kulifungua mbele ya bibi, unaweza kumwazima rafiki, na ukilichoka unaliuza. Hilo la mwisho lina nguvu ya sheria: Aprili 2002 Mahakama ya Juu ya Japani iliamua kwamba watengenezaji hawana haki ya kuzuia gemu za mtumba zisiuzwe. Mama anayejua kwamba nusu ya pesa yake inaweza kurudi atalichagua boksi.

Kwa hiyo chati ya Famitsu, ambayo wengi wanaichukulia kuwa sauti ya Japani nzima, zaidi ni sauti ya watoto, ya bibi zao, ya akina baba wenye kupanga bajeti, na ya wakusanyaji wachache wanaopenda kuona mgongo wa boksi kabatini. Ni kundi kubwa na lenye heshima. Mtu akitaka kujua ni gemu gani itapendwa kule miaka kumi ijayo, hao ndio wa kuwatazama, maana mtoto wa koti la bluu atakuwa na mshahara siku moja. Lakini ukitaka kujua kijana wa miaka ishirini na mitano anacheza nini usiku baada ya kazi, hapa huwezi kumwona.

Ningeomba jambo moja kwa kampuni zenyewe: toeni namba za kupakua kila wiki. Mnazo. Mnazijua kabla jua halijachwa. Splatoon ikivunja rekodi mnazitangaza siku ya tatu, ikidorora mnanyamaza. Hata Marekani, ambako wachapishaji wengi huwapa Circana, kampuni inayohesabu mauzo, takwimu zao za kupakua, Nintendo haiwapi. Mkiacha giza, watu watalijaza kwa maduara mekundu.

Jioni ile nilimpigia binamu yangu. Nikamwambia afungue tena ile picha, aache mstari alioupigia duara, ashuke chini. Akasoma majina kwa sauti, akafika kwenye Minecraft, akakaa kimya kidogo. "Kaka, hii si ndiyo aliyokuwa anacheza Juma kabla hajaanza darasa la kwanza?" Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo. Juma sasa yuko kidato cha kwanza.