Komedi ya mapenzi ya kwetu isikimbilie ukumbini

Filamu za kuchekesha za mapenzi nazipenda, hasa zile za mtu anayekaribia miaka thelathini na hajui aoe, aache kazi au anyoe nywele. Mhusika anaishi peke yake kwenye fleti Marekani au Uingereza, ana rafiki mmoja mropokaji, na filamu nzima anagombana na nafsi yake. Kinachonikera ni kuona hadithi hiyo imechukuliwa kama ilivyo na kuhamishiwa Njiro, kwenye nyumba yenye sofa jeupe na vikombe vya kahawa visivyonywewa na mtu. Mwenye miaka 29 Arusha au Moshi nafsi yake atagombana nayo saa ngapi? Kuna mama, kuna shangazi, kuna mwenyekiti wa jumuiya, na kuna yule binamu aliyeoa mwaka jana ambaye sasa anatoa ushauri bila kuombwa.

Kwenye makaratasi bado wewe ni kijana. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamtambua kijana kuwa ni mtu wa miaka 15 hadi 35, na Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unasema hivyohivyo. Haya, kawasomee hiyo sera watu wa Kibosho, kule Uchagani mlimani Kilimanjaro, siku ya Krismasi, mtori ukiwa mezani na mbege inazunguka.

Ningepewa kuiandika mimi, mhusika angekuwa kitinda mimba wa kiume. Kwa mila za Wachaga, mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba chake, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa. Kaka zake wako Dar, wanapanda Desemba na magari yao, wanapiga picha na migomba, wanashuka. Yeye anaongoza watalii Arusha, kilomita 80 hivi kutoka Moshi, umbali mbaya sana kwa mtu anayetafuta kisingizio. Bomba likipasuka anaitwa yeye. Kahawa ikiiva anaitwa yeye. Na binti anayempenda, mhasibu aliyepanga Sakina, ameshasema wazi kwamba kuishi mlimani na mama mkwe hataki.

Kwa hiyo kijana anadanganya. Desemba ni msimu wa wageni, basi kila akipigiwa anasema yuko Serengeti, mtandao unasumbua, ingawa kwa nyuma jogoo wa jirani anawika na konda anaita abiria wa Ngaramtoni. Mama anasikia yote na ananyamaza. Mama wa aina hiyo akipatikana mwigizaji anayemweza, nusu ya filamu imeshakamilika.

Utamu wenyewe uko kwenye kikao cha harusi. Sijui kwa nini waandishi wetu wanakipita mbio wakimbilie kuonyesha gauni. Katibu anasoma ahadi na taslimu, jina kwa jina, na aliyeahidi laki mbili akatoa elfu thelathini anainamia simu. Kamati ya chakula inataka ndafu, yaani mbuzi wa kuchomwa mzima, wawili, mweka hazina anasema mmoja. Mzee mmoja anauliza tena rangi ya sare, ambayo ilishapitishwa vikao viwili nyuma. Sasa fikiria wachumba wameachana Jumanne, na kikao ni Jumapili. Michango imeingia, ukumbi umelipiwa nusu, kadi za singo na dabo zimeshagawiwa, na kundi la WhatsApp linamwagika maua na vifijo. Nani atasimama aseme? Kumrudishia mtu mchango wake ni aibu ya ukoo mzima, kwa hiyo wawili hao wanakaa pamoja mbele, wanatabasamu, wanapigana viatu chini ya meza. Hapo ndipo ningependa kuona mtu akikua, asimame mwenyewe, bila mshenga, bila kaka mkubwa wa kumsemea.

Halafu kuna ile mbio ya uwanja wa ndege. Mnaijua: mwanamume anakimbia na maua kabla ndege haijaondoka. Tafadhali, asikimbie mtu KIA. Sisi tuna isale. Uchagani, aliyekosa akija na jani la isale mkononi, aliyekosewa anabanwa na mila asikilize na asamehe. Mwone kijana wetu anatembea Sakina mchana kweupe na jani lake, bodaboda wanamtania, amevaa shati la kazini lenye vumbi la mbugani. Tatizo ni kwamba binti si Mchaga. Anafungua geti, anatazama jani, anamtazama yeye, kisha anamuuliza kama ameleta mboga. Itabidi aeleze kwa mdomo wake alichokosea, na hilo ndilo alilokuwa analikwepa tangu dakika ya kwanza.

Ombi jingine dogo: yale mazoea ya kumchekesha mtazamaji kwa Mchaga anayependa hela yapumzishwe, yamechuja. Wapewe waigizaji wa huku waongee Kiswahili chao chenye lafudhi ya mlimani, wasiigizwe na mtu wa Sinza anayejikamua.

Harusi ifanyike au isifanyike, mwandishi ataamua. Mimi ningewaacha bila harusi, na mweka hazina akiendelea kupokea michango kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia.