Barafu haifai kila chupa ya damu

Zahanati isiyo na mashine ya kuhesabu CD4, seli za kinga zinazoshambuliwa na VVU, hutuma damu hospitali ya wilaya au ya mkoa, mara nyingi kwa bodaboda. Kishawishi cha kwanza ni kuitia chupa kwenye barafu, kwa sababu chanjo husafiri hivyo, na hata plazma (majimaji ya damu yaliyotenganishwa na seli) ya kupima wingi wa virusi hutunzwa kwenye baridi. Ila damu nzima ya CD4, ile ya kifuniko cha zambarau, hutakiwa ikae kwenye joto la chumba, takriban nyuzi 18 hadi 25. Chumba kinachokusudiwa, bila shaka, kina kiyoyozi. Saa saba mchana pale Dar es Salaam ni habari nyingine.

Dawa ya EDTA iliyomo chupani huzuia damu kuganda, basi. Seli zilizomo zinaendelea kuishi, zinakula sukari iliyobaki na kuchoka. Nutrofili, aina moja ya seli nyeupe za damu, ndizo za kwanza kuharibika. Limfosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, zikiwemo CD4, ni sugu zaidi, ndiyo maana mashine nyingi hukubali damu ya hadi saa 48. Hata hapo, asilimia ya CD4 hudumu kuliko idadi kamili pale idadi hiyo inapokokotolewa kwa kutumia hesabu ya mashine ya damu ya kawaida, kwani mashine hiyo inahitaji damu mbichi zaidi.

Kwa kuhesabu tu, basi, wanaotetea maabara kuu moja yenye mashine nzuri na wataalamu wazoefu wana hoja.

Hoja hiyo inayumba ukitaka kujua seli inafanya nini. Watafiti wa chanjo hulenga kutenganisha seli T (kundi la limfosaiti ambalo CD4 zimo) ndani ya saa 8 hivi, maana damu ikilala, nutrofili zilizochakaa hupoteza uzito, hubaki kwenye tabaka la limfosaiti wakati wa kutenganisha, na kudhoofisha mwitikio wa seli T. Mtandao wa IAVI, shirika la kimataifa la utafiti wa chanjo ya UKIMWI, ulilazimika kujenga uwezo huo Nairobi, Kilifi, Entebbe na Kigali kwenyewe. Huko seli hutenganishwa, hutiwa DMSO, kemikali inayozikinga zisiharibiwe na kuganda, hushushwa baridi kwa nyuzi moja kila dakika, kisha huhifadhiwa kwenye mvuke wa naitrojeni, chini ya nyuzi 130 hasi.

Faida yake ni kubwa: sampuli ya kabla ya chanjo na ya miezi baadaye hupimwa siku moja, kwa kemikali zilezile na mikono ileile. Hasara nayo ipo. Nutrofili hazivumilii ugandishaji huo, CD62L, protini iliyo juu ya seli T na inayotumika kama alama ya kuzitambua aina zake, hupungua, na kila sanduku linapotolewa nje kwa uzembe seli hupata joto na kufa. Kwa majaribio ya chanjo bado naona kugandisha kuna faida zaidi. Nisichokubali ni ripoti inayozungumzia “kinga ya mwili” nzima kutokana na seli zilizosalimika kwenye tangi.

Wala kanuni ya barafu si moja. Kipimo cha TB cha QuantiFERON, ambacho kinategemea seli zilizo hai, huruhusu damu yenye lithiamu heparini, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, kukaa friji hadi siku mbili. Kila kipimo kina maagizo yake.

Kliniki ina haraka nyingine. Tangu WHO iliposema mwaka 2015 kila mwenye VVU aanze dawa, CD4 haimzuii mtu kuanza. Kazi yake kubwa sasa ni kumtambua aliye chini ya seli 200 kwa kila maikrolita ya damu ili achunguzwe TB na homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi wa kriptokoka. Kifaa kama VISITECT husema tu yuko juu au chini ya 200, na husomwa kwa macho. Wanaokilaumu kwa kutotoa namba kamili wanasema kweli, lakini jibu la papo hapo ni bora kuliko namba safi inayofika mgonjwa akiwa hoi. Pale damu inapolazimika kusafiri, chupa iandikwe saa ya kutolewa na si tarehe peke yake, la sivyo maabara inayoipokea haina namna ya kujua kama saa 48 zimepita.